Filta Mbili kwenye Kebo Moja

Wenzake kituoni walimwita Shangazi, na yeye hakulalamika. Askari wengine wakimkamata mtu humuuliza alikuwa wapi na alikuwa na nani. Inspekta huyu huuliza nani kamnunia nani, nani kahama chumba, nani siku hizi hasalimii akipishana na mwenzake kwenye ngazi. Ni maswali ya shangazi aliyekuja kukaa wiki moja, akakuta nyumba ina moshi usiotoka jikoni. Waliocheka maswali hayo walikuwa wengi, na baadhi yao sasa wako gerezani.

Mtu aliyeketi mbele yake asubuhi hiyo alikuwa fundi wa intaneti, kijana mrefu na mwembamba ambaye wateja wake wote walimwita Antena. Alikuwa amekamatwa jana yake kwenye jengo moja la nyumba nane, akiwa mbele ya boksi la kebo lililoachwa wazi chini ya ngazi, mkononi ana filta mbili. Hatua chache kutoka pale, wanawake walikuwa wakilia. Bi Saba, mjane aliyekaa peke yake nyumba ya chini, alikuwa amekutwa sakafuni jikoni kwake, ameanguka tangu jioni iliyotangulia. Shingoni alivaa kitufe cha kuitia msaada, kile wanachopewa wazee wenye moyo mbovu. Ukikibonyeza, habari inapita kwenye modemu ya nyumbani, inakwenda mpaka kwa wauguzi. Bi Saba alikibonyeza, lakini habari haikufika. Sasa alikuwa hospitali, hajafumbua macho, na daktari alikataa kuahidi lolote. Mama huyo akifa, Antena angeshtakiwa kwa kuua.

"Nieleze hiki kidude kama unamweleza mtoto," Shangazi alimwambia, akisukuma mezani mfuko wenye zile filta. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa pingili ya kidole, chuma kitupu, na nyuzi kama za skurubu, za kusokotea, pande zote mbili.

Antena alieleza. Kebo moja inaingia kwenye boksi, inagawanywa nyumba kwa nyumba, na kila waya una kibandiko chenye namba. Filta inasokotwa kwenye waya wa mteja anayelipia televisheni peke yake. Picha zinashuka kama kawaida, lakini chochote kinachotaka kutoka ndani ya nyumba kinazuiwa. Kwa hiyo televisheni inaonyesha vizuri na intaneti imekufa. Filta za akiba huachwa hapo hapo kwenye boksi, ndani ya kikopo. Jana alikuwa ametumwa na kampuni kwa sababu wauguzi walilalamika kwamba chombo cha Bi Saba hakisikiki kwa siku kadhaa. Alipima kwa mita yake, akakuta waya wa nyumba hiyo una filta, tena mbili, moja juu ya nyingine, akazitoa. Ndipo akashikwa mkono.

"Waya wenye kibandiko gani?"

"Namba mbili."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka kwa puani. Kila mtu mtaani alijua kwamba Bi Saba anakaa namba saba, na jina lenyewe lilitokana na hapo. Namba mbili ilikuwa nyumba ya mwanawe, kinyozi, na mke wa kinyozi ambaye ni mwalimu. Na kinyozi alikuwa amekwisha kuandikisha maelezo marefu kwamba fundi huyo anamnyemelea mkewe.

"Mimi nafuata mita, sifuati vibandiko," Antena alisema. "Mita ndiyo iliyonipeleka kwenye huo waya."

"Mita yako inakupeleka kwa wake za watu," Koplo akamjibu.

Njiani Koplo aliimaliza kesi nzima. Antena alikuwa akimbania mwalimu intaneti ili aitwe kuja kuirekebisha, anywe chai, acheke naye. Chombo cha Bi Saba kilikuwa kimeharibika chenyewe, mashine ni mashine. Yaliyobaki ni kazi ya hakimu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini filta zilikuwa mbili.

"Ya pili ya akiba."

"Akiba unaiweka mfukoni, Koplo. Hii ilisokotwa juu ya mwenzake."

Jengo lilikuwa la ghorofa moja, kuta za rangi ya maziwa yaliyoungua, nyumba nne chini na nne juu. Ukumbi wa chini ulinuka sabuni ya kupigia deki. Shangazi alipita polepole mbele ya milango, akisoma vibao vya namba: moja, saba, tatu, nne. Koplo alisema fundi aliyevipigilia lazima alihesabu akiwa amelewa. Shangazi hakucheka. Aliinama kwenye kibao cha saba na kuona pembeni yake matundu mawili ya zamani, yaliyozibwa kwa dawa ya meno.

Mtunza jengo aliitwa Babu Funguo, na mkungu wa funguo ulining'inia kwenye mshipi wake mpaka ukamvuta suruali upande mmoja. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya Antena. Kijana yule akija, milango inafunguka yenyewe. Anakaribishwa kiti, analetewa chai kwenye kikombe chenye sahani. Yeye Babu Funguo anadeki ngazi hizo miaka nenda miaka rudi, wanamruka na ndoo yake bila hata kumwambia pole. Na mwalimu wa juu, alivyo na heshima zake, anamwita yule kijana kwa jina huku yeye anamwita "wewe mzee". Roho ilikuwa inamuuma waziwazi, na hakujishughulisha kuificha.

"Ulimwona kwa macho yako akiwa kwenye boksi?"

"Kwa haya mawili. Mkono uko kwenye waya namba mbili, unazunguka."

"Unazunguka kwenda wapi? Nionyeshe."

Babu Funguo aliinua mkono hewani na kuuzungusha kwa bidii ya shahidi mwenye hakika. Aliuzungusha kushoto, kama mtu anayefungua chupa. Koplo aliutazama mkono ule, kisha akatazama viatu vyake.

Kabati la chini ya ngazi, lenye lile boksi ndani, lilikuwa na kufuli. Ufunguo mmoja alikuwa nao Babu Funguo, mwingine Antena. Wa tatu, mzee alisema, huning'inia kwenye msumari jikoni kwa Bi Saba, kwa sababu yeye mzee jioni huenda nyumbani kwake, na ndani ya kabati mna pia swichi kubwa ya umeme. Kwa Bi Saba anaingia nani? Mwanawe na mkwewe tu. Mama wa watu hana maneno na mtu, ila hapendi wageni.

Ndani ya kabati waya nane nyeusi zilishuka kutoka kwenye kigawanyio, kila mmoja na kibandiko cha njano kilichofifia. Kikopo cha filta kilikuwa chini yake. Shangazi hakugusa kitu. Alimuuliza Babu Funguo kama katika siku hizo za karibuni kuna nyumba yoyote iliyolia kwamba haina intaneti. Mzee alijibu kwamba hakuna hata mmoja, na kwamba watu hao hata ikikatika kwa muda wa kupiga chafya humgongea yeye mlango, utadhani anaitengeneza kwa ufagio.

Shangazi alipanda juu akiwaza jambo hilo. Mtu anayetia kufuli mlangoni na kuona mlango haufunguki huridhika, huenda zake. Anayerudi kutia kufuli la pili ni yule aliyeona mlango bado unafunguka. Kwa hiyo aliyeweka filta ya pili alikuwa ametazama mahali fulani, akaona ile ya kwanza haikufanya kazi. Lakini ilifanya kazi vizuri sana, na Bi Saba alilala sakafuni usiku kucha kwa sababu hiyo. Basi mtu huyo alikuwa akitazama nyumba nyingine.

Milango ya juu ilisema tano, sita, mbili, nane.

Mwalimu alifungua kabla hajagongewa mara ya pili. Macho yalikuwa mekundu na nguo zimepigwa pasi. Aliomba radhi kwamba ana darasa jioni hiyo na hawezi kuliacha, maana ndilo linalolipia kitanda cha mama mkwe hospitali. Mchana mumewe anakaa na mgonjwa, usiku anakaa yeye. Alifundisha watoto wa nchi za mbali kusoma, kwa kompyuta, akiwa amejifungia chumbani.

"Na intaneti yako siku hizi ikoje?"

Nzuri, alisema. Zamani ndiyo ilisumbua. Mara tatu ilikufa katikati ya somo, mara tatu akamwita Antena, na kila mara fundi alikuta waya nyuma ya modemu umelegea. Walimsingizia paka wa jirani. Siku moja mumewe alisimama hapo hapo mlangoni akamuuliza fundi vile vidude vya kwenye kikopo ni vya nini, na fundi, kwa kuwa hana kinyongo na mtu, akamweleza yote.

"Na baada ya hapo?"

Mwalimu alikaa kitini. Alisema baada ya hapo mumewe alianza tabia mpya. Kila jioni alimuuliza darasa limekwendaje, jambo ambalo hakuwahi kuuliza tangu waoane. Aliingia chumbani, akatazama taa za modemu, akatoka. Wiki iliyopita ndipo alipopasuka. Alisema anajua Antena amemwekea njia ya siri, akamnyang'anya simu akaipekua mpaka alfajiri.

"Amewahi kufungua mlango wakati wa darasa, akaona unafundisha nani?"

"Hafungui. Anasimama nje, anasikiliza."

Shangazi alimuuliza juu ya namba za milango. Mwalimu alitabasamu kidogo, kwa huzuni. Zamani wao walikaa chini, namba mbili, na mama mkwe alikaa hapa juu, namba saba. Magoti yalipomshinda ngazi wakabadilishana nyumba. Lakini mama alikataa kuacha namba yake. Alisema amekuwa Bi Saba tangu marehemu mzee akiwa hai, barua zake zinakuja hivyo na salamu zake zinakuja hivyo, sasa uzeeni aanze kuitwa Bi Mbili? Basi akashuka na kibao chake, wao wakapanda na chao. Watu wakacheka, wakazoea.

"Na kule kwenye boksi, vibandiko vilibadilishwa?"

"Boksi gani?" mwalimu aliuliza. Halafu mkono ukamwenda mdomoni.

Shangazi alimwomba afundishe darasa lake kama kawaida, bila kupunguza chochote.

Kinyozi alirudi jioni kutoka hospitali, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mwanamume nadhifu, kucha fupi, ndevu zimechongwa. Shangazi alimpokea ukumbini na kumuuliza hali ya mgonjwa. Vilevile, alisema, wanasema tusubiri. Halafu bila kuulizwa akaanza juu ya Antena. Alitaka kujua kesi imefika wapi, na kwa nini mtu aliyeshikwa na ushahidi mkononi bado anapewa maji ya kunywa.

"Kwa nini umchukie hivyo?"

"Wewe ni mwanamke, afande, huwezi kuelewa. Mimi nashinda kwenye vichwa vya watu, narudi nimechoka, mke wangu amejifungia chumbani anacheka." Alinyanyua kidole kuelekea juu. Kweli, kutoka kwenye ngazi kicheko cha mwalimu kilisikika, kikubwa, cha mtu aliyefurahi. "Tangu nimemwoa hajawahi kunichekea mimi vile. Hata siku ya harusi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alisema hayo kwa uchungu wa kweli, na Shangazi alimwonea huruma kwa dakika nzima. Kisha akamfungulia kabati la chini ya ngazi.

"Nisaidie. Koplo wangu na mimi hatujui mambo haya. Waya wa mkeo ni upi?"

Kinyozi alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye kibandiko namba mbili. Hakuinama wala hakutafuta. Vibandiko vilikuwa vimefifia hivi kwamba Shangazi mwenyewe mchana alilazimika kuvisoma kwa tochi.

"Huu?"

"Huo huo."

Shangazi aliushika na kuusokota kushoto mpaka ukaachia mikononi mwake. Wote wawili walitega masikio. Juu, mwalimu alisema kitu, akasubiri, akaangua kicheko kipya.

"Umesikia?" Kinyozi alikuwa karibu kulia. "Umeona mwenyewe, afande? Hata ukiukata kabisa bado anacheka! Si nilisema amemwekea njia nyingine?"

"Kabisa kuliko nini?"

"Unasemaje?"

"Umesema hata nikiukata kabisa. Kabla ya hapo ulikuwa umekatwa nusu?"

Babu Funguo, aliyekuwa anadeki sehemu ile ile kwa muda mrefu kupita kiasi, aliacha kudeki.

"Waya nyuma ya modemu ulikuwa unaulegeza wewe," Shangazi alisema kwa sauti ya kawaida, "na kila ukiulegeza, yule unayemwonea wivu anaitwa kuja nyumbani kwako. Ukaona hiyo haifai. Ukachukua ufunguo kwenye msumari wa mama yako, ukaweka filta, maana ulitaka intaneti ife na mpira wako wa kwenye televisheni ubaki. Jioni ukapanda, ukakuta taa zinawaka na mkeo anacheka. Ukashuka ukaongeza ya pili. Jana ulipoona fundi kashikwa nazo, ukajua vizuri ni za nani, ukakaa kimya."

Kinyozi aliinua kidevu. "Haya. Niliweka. Ni waya wangu, ni nyumba yangu, ni mke wangu. Nimemkosea nani? Mama yangu ana waya wake, namba saba, siujui wala sijaugusa. Huo mwulizeni Antena."

Ndipo mlango wa Bi Saba ukafunguka nyuma yake, na Koplo, aliyekuwa ameachwa humo ndani kulinda modemu, akatoa kichwa nje. Hakuwa na mzaha tena.

"Inspekta, taa za huku zimezimika. Zote, isipokuwa ya umeme. Televisheni nayo imekufa."

Shangazi aliurudisha waya mahali pake, akaukaza kwa vidole, akasubiri. Koplo alitazama ndani, akasema picha imerudi, na taa zinaanza kuwaka moja moja. Kinyozi alikuwa bado ametazama kibandiko namba mbili. Alikitazama, kisha akageuka akatazama mlango wa mama yake, na kibao cha saba kilichong'aa juu yake.

"Namba zilihama na wenyewe," Shangazi alimwambia. "Waya hazikuhama. Nani alikifunga kibao hiki?"

Kinyozi alisogea mlangoni. Aliweka kidole gumba juu ya skurubu ya kushoto, akakipitisha hadi ya kulia.

"Mimi," alisema. "Yeye alinishikia tochi. Akawa ananiambia nikikaze vizuri kisianguke."

Shangazi alimwambia Koplo apige simu kituoni, Antena atolewe mahabusu, apewe mita yake na maji ya kuoga. Koplo alikwenda nje kupiga, akimkwepa Babu Funguo machoni. Mzee aliokota ndoo yake, akapanda ngazi polepole bila kusema kitu juu ya chai.

"Afande," kinyozi aliuliza, "alibonyeza?"

Angeweza kumdanganya. Shangazi mwingine, wa nyumbani, labda angemdanganya.

"Mkeo alipomkuta asubuhi, kidole kilikuwa bado kiko juu ya kitufe."

Kinyozi alikaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji ya deki, mgongo kwenye mlango wa mama yake. Shangazi alitoa pingu, akazishika tu, akamwacha avute pumzi. Juu, mlango wa chumba ulikuwa umeachwa wazi safari hii, na sauti zilishuka hadi ukumbini: vitoto vingi kwa pamoja, vikisoma kwa ulimi mzito, ba, be, bi, bo, bu. Kimoja kilikosea. Mwalimu akacheka, vyote vikacheka naye, na mumewe, kwa mara ya kwanza, hakuinua kichwa kusikiliza.